Mizigo Hamsini na Mmoja

Ta!

Kopo la unga la nyumbani kwetu halifunguki kimya kimya. Unakibinua kifuniko kwa mpini wa kijiko, kinaguna kwanza, halafu kinaruka. Kulikuwa bado giza, jogoo wa jirani hajaanza fujo zake, na mlio ule ukanifumbua macho.

"Mama?" niliita.

"Lala, mwanangu."

"Unapika uji saa hizi?"

"Nimesema lala. Mimi natoka."

Nikasikia kifuniko kikirudishwa taratibu, kikibanwa kwa kiganja. Mlango ukalia, ukanyamaza. Mama mkwe wangu akatoka bila kuwasha taa na bila beseni lake la mboga. Beseni nililiona kulipokucha, limeegemea ukuta kama mgeni aliyesahauliwa.

Wasomaji wangu, ningeamka dakika ile nikamshika mkono, leo ningekuwa nawaandikia mambo mengine. Sikuamka. Nilijigeuza, nikamvuta binti yangu kifuani, nikalala tena usingizi mtamu, kwa sababu nilidhani nimeshaokoka.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nampa kwa ufupi. Mimi ndiye yule mfagiaji wa soko aliyepewa mashine ya kutoza ushuru, na soko zima likamwita Mama wa Geti. Nakaa kwenye kibanda cha bati chenye kidirisha cha kupitisha mkono tu. Mkokoteni ukifika, mwenye mali analipa, nabonyeza, mashine inatema risiti, anapita. Kazi ya heshima. Nilimpigia simu hata mwalimu wangu wa darasa la nne kumwambia.

Kisha akaja mkaguzi wa baraza la mji. Akaweka mezani mashine yangu na daftari la ghala la soko. Mashine inasema kwa miezi miwili iliingia mizigo mia nne kumi na miwili. Daftari la ghala linasema iliingia mizigo elfu mbili mia tatu kumi na mitano.

"Iliyobaki umeila na nani?" aliniuliza. "Kesho saa tatu uje na maelezo, au uje na pesa. Ukija mikono mitupu, utatoka na polisi."

Msomaji mmoja ameniandikia kuniuliza mbona sikukimbia usiku uleule. Ndugu yangu, nikimbie na mtoto wa miaka mitano mgongoni, niende wapi? Baba yake yuko safarini na lori la watu, simu haipatikani siku ya nne. Halafu mtu anakimbia alichokula. Mimi sikula.

Furaha yangu ya usiku ule ilitoka kwenye kijitabu.

Kinaitwa Sheria Ndogo za Ushuru wa Soko. Kurasa kumi na mbili. Kwa mwaka mzima kilikuwa kimekunjwa chini ya mlango wa kibanda changu, kuuzuia usipigwe na upepo. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni ana msemo wake: kabla hujagombana na sheria, iulize kwanza maneno yake yana maana gani. Basi nilikichomoa, nikakikung'uta, nikakisoma nikiwa nimesimama. Ukurasa wa pili tu, maneno yenyewe haya hapa:

"Mzigo maana yake ni bidhaa zote zinazoingizwa sokoni na chombo kimoja kwa safari moja."

Chombo kimoja! Mkokoteni ni chombo. Mkokoteni ukibeba magunia matano, kisheria ni mzigo mmoja, na ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyotoza. Lakini mwenye ghala anahesabu magunia yanayoshushwa mlangoni kwake, na kila gunia analiandika mzigo. Hakuna aliyeiba. Neno moja lilikuwa limeolewa na waume wawili.

Ndiyo maana nililala.

Asubuhi nilimvika mwanangu gauni lake la njano. Mama mkwe hakuwepo wa kuachiwa mtoto, ikabidi tuongozane.

"Mama, leo tunaenda kufungwa?"

"Nani amekwambia hivyo?"

"Watu wa bombani."

"Watu wa bombani wanachota maji tu, hawachoti ukweli. Vaa kiatu."

"Mimi nikifungwa nitalala na wewe?"

Nilikaa chini nikamfunga kamba za viatu, moja, ya pili, nikazifungua nikazifunga tena, mpaka macho yangu yalipokauka.

Njia ya kwenda ofisi za baraza inakatisha sokoni. Muuza nyanya akaniona kwa mbali.

"Mama wa Geti! Leo nani anatutoza?"

"Pumzikeni leo," nilimjibu.

"Tupumzike wapi? Choo kimebomoka, taa hakuna, mtaro unanuka. Kumbe pesa zetu zinashonewa magauni ya njano!"

Wenzake wakacheka. Nilimfunika mwanangu masikio kwa viganja kama anayemrekebisha nywele, tukapita.

Nawaambia kitu ambacho huwezi kukisema sokoni ukapona: mimi nauamini ushuru. Huyu binti nilimzalia zahanati ya mji, kwenye benchi, kwa sababu wodi ya wazazi ilikuwa bado msingi. Sasa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na kila tofali pale limepita kwenye kile kidirisha changu. Nikipita nje yake huwa nasema moyoni, lile pale ni la Jumanne, lile la Alhamisi.

Nje ya ofisi ya mweka hazina kuna benchi. Kwenye benchi alikaa mama mkwe, mikono mapajani, viatu vyake vya plastiki vimejaa vumbi.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja."

"Kufanya nini?"

"Usinihoji mbele za watu, mwanangu. Nimeshamaliza. Ingia, sema ahsante, toka, twende nyumbani."

"Ahsante ya nini?"

Alimvuta mjukuu wake mapajani. "Njoo, mke mwenzangu. Umekunywa uji?"

"Hapana. Kopo la unga ulilificha wapi?" mtoto alimuuliza.

"Lipo, lipo. Nililisogeza tu."

Mlango ukafunguliwa, mweka hazina akaita. "Mama wa Geti, ingia! Na bibi aingie. Na mtoto pia, msiniachie kilio kwenye korido."

Mweka hazina ni mtu wa sauti kubwa na meza kubwa. Nyuma yake kuna bango: LIPA USHURU, JENGA MJI WAKO. Pembeni alikaa mkaguzi, mpole, analamba kidole kila anapofunua ukurasa. Karani alikuwa dirishani na kalamu tayari.

Mweka hazina alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mambo yamekuwa mepesi," alisema. "Mkweo ana akili kukuzidi. Alikuwa mlangoni kabla mlinzi hajazima taa."

Akasukuma karatasi upande wangu. Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba la wino wa bluu, pana, lina kovu la kisu katikati. Dole hilo nalijua. Ndilo linalomenya viazi nyumbani kwangu.

Nikasoma: "Mimi, mama mkwe wa mtoza ushuru wa geti, leo narudisha pesa za geti." Kikafuata kiasi. Sikufika huko. Macho yalikwama kwenye neno moja.

"Mama," niligeuka. "Umesema kurudisha?"

"Nimesema."

"Ulitaka kusema kulipa. Umekuja kunilipia."

Alitazama sakafu. "Kuna tofauti gani? Pesa ni zilezile."

"Tofauti ipo," mkaguzi alisema polepole. "Anayelipa anaweza kuwa na huruma tu. Anayerudisha, alikuwa nazo."

"Karani ameandika vibaya!"

"Mimi naandika ninachoambiwa," karani alijitetea. "Nilimsomea mara mbili. Akasema ndivyo hivyohivyo."

Sasa nikajua mlio wa alfajiri ulikuwa wa nini. Miaka yote ile ya kukesha na mchicha, mtaji wake wote alioufukia kwenye unga, ameusomba aninunulie mimi uhuru. Na kwa neno moja la kizee ameninunulia kifungo. Nilitaka kumlaumu. Nilitaka kumpigia magoti. Nikabaki nimesimama.

Mweka hazina akanipa karatasi ya pili.

"Saini hapo. Unakiri. Kazi ndiyo basi, na kilichobaki utakilipa kidogo kidogo, hata miaka kumi. Polisi siwaiti. Nakuonea huruma kwa sababu ya huyo mtoto. Lakini ujue ulichokifanya! Mwaka huu ruzuku kutoka juu imekatwa nusu. Nusu! Gari la taka limelala halina tairi. Wodi ya wazazi imesimama kwenye lenta. Mji huu unaishi kwa geti lako wewe, na wewe unalila geti!"

"Sisaini, mzee."

"Nini?"

"Sisaini. Sikuchukua. Nina maelezo."

Mama mkwe akanivuta nguo kwa nyuma. "Saini, mwanangu. Saini twende."

Wasomaji, niliutoa mkono wake. Taratibu, lakini niliutoa.

Mkaguzi alilamba kidole, akafungua ukurasa mweupe. "Basi twende kwa utaratibu. Nauliza, unajibu, karani anaandika, unasaini majibu yako. Namba ya siri ya mashine anayo nani mwingine?"

"Hakuna."

"Umewahi kutoza bila kutoa risiti?"

"Hata siku moja."

"Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni. Umewahi kuondoka kabla?"

Hapa ndipo penye toba yangu, na ndiyo sababu nimeshindwa kulala mpaka niliandike.

Jumatatu na Jumatano nina darasa. Linaanza saa kumi na moja na nusu, upande wa pili wa mji. Saa kumi na moja kamili nabonyeza FUNGA SIKU, na mashine ikishafunga siku haitoi tena risiti mpaka kesho yake. Nafunga kidirisha. Mtoto namwachia mama mkwe, anayeuza mboga hatua kumi kutoka getini, na ufunguo wa kibanda namwachia pia, mvua ikinyesha waingie wajisitiri. Halafu nakimbia. Saa nzima geti la mji linabaki wazi, na mkokoteni wowote unaokuja unaingia bure. Najua. Nilikuwa najua kila siku. Nilijiambia ni mikokoteni miwili mitatu tu, na mtihani wangu ni wiki mbili zijazo, na nikifaulu nitakuwa karani, na nikiwa karani nitaufanyia mji kazi mpaka deni hilo liishe.

Kuacha kituo ni kufukuzwa kazi, hakuna barua ya onyo.

"Sijawahi," nilijibu.

Kalamu ya karani ikakwaruza. Nikasaini. Uongo mdogo kama punje, nikajisemea. Hauna uhusiano na shauri lenyewe.

"Haya," mkaguzi alisema, "maelezo."

Nikatoa kijitabu changu kilichokunjamana. Nikaomba mwenye ghala aitwe. Akaja, bado ana vumbi la magunia mabegani. Sokoni tunamwita Kipimo, kwa sababu hakuna kitu asichokikadiria, hata mimba za watu.

"Bwana Kipimo," nilimuuliza, "mkokoteni ukileta magunia matano ghalani, unaandika mizigo mingapi?"

"Mitano. Swali gani hilo?"

"Kwa nini si mmoja?"

"Mmoja? Njoo ubebe wewe yote matano kwa mpigo, halafu uniambie kama ni mmoja! Mimi mgongo wangu unajua mzigo ni nini."

"Sheria haina mgongo," nilisema, nikamsomea mkaguzi ukurasa wa pili kwa sauti. Bidhaa zote. Chombo kimoja. Safari moja.

Mkaguzi akakichukua kijitabu, akasoma mwenyewe, akamgeukia Kipimo.

"Mkokoteni hubeba magunia mangapi?"

"Matano. La sita linadondoka njiani."

"Siku zote?"

"Siku zote, mzee. Hata msukumaji akiwa na tamaa, la sita linadondoka."

Mkaguzi akaandika, akagawa. Elfu mbili mia tatu kumi na tano kwa tano. Nilikuwa namwona anavyotikisa kichwa. Niliigawa mimi pia, kichwani, kama tunavyofanya darasani, nikamaliza kabla yake.

"Mikokoteni mia nne sitini na mitatu," alisema. "Dhidi ya mashine yako, mia nne kumi na miwili." Akavua miwani. "Mzee, kati ya mizigo elfu moja mia tisa na mitatu tuliyosema imeliwa, mizigo elfu moja mia nane na hamsini na miwili haikuwepo kabisa duniani. Ilikuwa magunia."

Mweka hazina akaegemea kiti. Halafu, sijui niseme nini, alicheka. "Mwaka mzima! Mwaka mzima tunaandikia juu kwamba geti linavuja, kumbe ni kamusi!"

Kipimo naye akacheka. "Basi mimi nibadilishe daftari niandike nini? Vijizigo?"

Hata karani alicheka. Nilimgeukia mama mkwe nicheke naye. Hakuwa anacheka. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu mno, mpaka mtoto anajinyonganyonga.

"Mama, umesikia? Sina kosa. Pesa zako watakurudishia."

"Sizitaki," alisema kwa sauti ndogo. "Zikae hapa."

Sikumwelewa. Nilidhani ni uchovu.

"Kaa kwanza," mkaguzi aliniambia. Yeye peke yake hakuwa amecheka. "Kuna mizigo hamsini na mmoja imebaki."

"Huenda Kipimo alikosea."

"Sikosei," alisema Kipimo.

"Nimelinganisha tarehe," mkaguzi aliendelea, analamba kidole. "Jumanne, ghala na mashine vinapatana. Alhamisi vinapatana. Ijumaa hivyohivyo. Pengo liko Jumatatu na Jumatano peke yake. Jioni kumi na saba. Mikokoteni mitatu kila jioni. Na jioni hizo zote mashine ilifunga siku saa kumi na moja kamili, wakati wewe umesaini hapa kwamba ulikuwepo getini mpaka saa kumi na mbili."

"Labda... labda waliingia bila kulipa. Nilikuwa nimezubaa."

"Labda." Akamwashiria karani. "Mwite yule mtu wa mkokoteni."

Aliingia mwanamume mtu mzima, kofia mkononi. Nilimjua. Tunamwita Breki, kwa kuwa mkokoteni wake hauna.

"Jumatano iliyopita jioni uliingiza magunia?"

"Matano, mzee. Ya viazi."

"Ulilipa ushuru?"

"Nililipa. Mimi silali na deni la serikali."

"Risiti iko wapi?"

"Sikupewa. Niliambiwa mashine imelala, pesa zitaandikwa ikiamka. Siku zote za jioni naambiwa hivyo."

"Unaambiwa na nani?"

"Na mama wa geti."

Macho yote yakanigeukia. Nikahisi kama bati la kibanda limenidondokea.

"Huyu hapa?" mweka hazina aliuliza, ananinyooshea kalamu.

Breki alinitazama, akakuna kichwa. "Mzee, mama wa geti ni mama wa geti. Kidirisha kile kinatoa mkono tu. Natia pesa, mkono unapokea, naambiwa pita, napita. Mimi pale nimeushika mkokoteni kwa tumbo usinirudie. Nitaanza kuchungulia sura?"

"Sikuwa mimi!" nilisema.

"Ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Na pale pale nikaiona ile karatasi mbele ya karani, wino bado mbichi, neno langu na saini yangu. Sijawahi.

Fikirini wenyewe. Nikisema nilikuwa darasani, nimekuwa mwongo niliyetelekeza kituo na kusaini uongo mbele ya mkaguzi, na atakayeniamini tena ni nani? Nikinyamaza, nilikuwa getini. Na kama nilikuwa getini, mkono ule ni wangu. Kamba nilikuwa nimeisokota mwenyewe, nikaipima shingoni, nikaona inanitosha.

Lakini kilichonitesa zaidi ni kingine. Kidirisha nilikifunga. Kwa mikono yangu. Ni nani aliyekifungua?

"Kuna jambo moja la mwisho," mkaguzi alisema. Sauti yake ilikuwa karibu ya huruma. "Pesa aliyorudisha bibi huyu asubuhi. Nilikuwa sijaielewa, kiasi chenyewe kilikuwa na vichenji. Sasa hivi nimeigawa kwa ushuru wa mzigo mmoja." Akanigeuzia daftari. "Soma."

Nilisoma. Hamsini na moja. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua.

"Mtu wa nje angejuaje?" aliuliza. "Jana tulikudai ya mizigo elfu moja mia tisa. Wewe ukamtuma mzee wa watu gizani arudishe ileile uliyokula, mpaka senti ya mwisho."

"Sikumtuma! Mama, waambie sikukutuma!"

Mama mkwe alifungua mdomo. Haukutoa kitu. Nimeishi na mwanamke huyu miaka sita. Nimemwona akigombana na polisi, na mvua, na mwanawe. Sijawahi kumwona akikosa neno.

Mweka hazina hakuwa anacheka tena. Alivuta simu ya mezani, akaanza kubonyeza namba.

"Nilikuonea huruma, ukanitolea vitabu," alisema. "Kumbe unasoma vizuri ili uibe vizuri."

"Mzee, subiri kidogo," mkaguzi alimzuia. Akanisogelea mpaka nikaiona mikunjo ya macho yake. "Nakuuliza mara moja tu, na utakachosema ndicho kitakachoandikwa. Jioni hizo, saa kumi na moja mpaka kumi na mbili, nani alikuwa nyuma ya kile kidirisha?"

Simu ilikuwa inaita upande wa pili, naisikia, mlio mdogo ndani ya kiganja cha mweka hazina.

Nilimtazama mama mkwe. Alinitazama. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni kwake na hakuwa anayafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.

"Nilikuwa..." nilianza.

Binti yangu akateleza mapajani mwa bibi yake, akasimama katikati ya chumba na gauni lake la njano, mikono nyuma, kama anavyosimama akiulizwa jina lake. Mama mkwe akanyoosha mkono amvute. Hakuwahi.

"Mama akienda shule, anayekaa dirishani ni Bibi."